Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: maji ya ngozi zetu na azoti inayoshuka ziwani

Jambo yenu wote, bamama, bababa na vijana wa chama chetu cha watengeneza ngozi. Kila mwaka naanzaka na franga, lakini hii mwaka naanza na maji, ju njo kitu kilitushika tangu mwezi wa kwanza mpaka leo.

Mnakumbuka ile siku majirani wa kule chini walipanda hapa na watoto wao wanatoka machozi, wanasema hewa yetu inachoma macho. Wengi tuliwajibu kwamba ngozi inanukaka tangu zamani. Mimi pia nilijibu vile, na nilikosea. Ile haikuwa harufu ya ngozi, ilikuwa amonia, gazi kali, na ilitoka mu mifuko tunanunua sisi wenyewe.

Nieleze pole pole. Ngozi ikitoka mu chokaa, pale tunaitoa nywele, inakuwa imevimba, lazima chokaa itoke mbele ya kuendelea, na hapo sisi wote tunatiaka sulfati ya amonyumu. Ni ileile mbolea wakulima wanamwaga shambani: mufuko wa kilo 50 uko na azoti (wengine wanaita nitrojeni) kama kilo 10 na nusu, na karibu yote inaenda na maji, mu ngozi haibaki kitu. Sasa ile maji ikikutana mu mfereji mmoja na maji ya chokaa yenye pH 12 (kipimo cha asidi na chokaa mu maji, 7 ni katikati), amonyumu inageuka gazi ya amonia palepale, njo ile iliwachoma watoto. Ingine inashuka na mto Kawa mpaka ziwani, na Ziwa Kivu maji yake ya juu iko na pH karibu 9, kwa hiyo hata kule karibu theluthi ya amonyumu inakuwa amonia, sumu ya samaki. Sambaza, zile samaki ndogo tunakula na fufu jioni, zinaishi mu maji ile. Nilipoelewa hivyo sikulala vizuri.

Wamoja waliomba tujenge stasyo ya kusafisha maji. Nawaheshimu, lakini komite ilikataa na nasimama na hiyo. Azoti ikishaingia mu maji, ni bakteria njo wanaitoa: wa kwanza wanageuza amonyumu kuwa nitrati, na kwa kila kilo ya azoti wanataka oksijeni kilo 4 na nusu hivi, ni kusema pompe ya hewa mchana na usiku, kiisha wengine, mu tanki isiyo na hewa, wanageuza nitrati kuwa gazi isiyo na shida. Hapa kwetu umeme ukikatika bakteria wanakosa hewa na kazi inasimama. Afazali azoti isiingie kabisa.

Basi tumefanya hivi. Tulinunua mizani, ju zamani kila mutu alimwaga kwa macho. Tunasuuza ngozi kwanza na maji safi, chokaa mingi iko juu juu tu, inatoka yenyewe bila sulfati ya amonyumu. Kiisha tunakata ncha kidogo pale ngozi ni nene, tunatia tone ya fenolftaleini, dawa ya kuonyesha chokaa: katikati ikiwa roza (pinki), chokaa iko bado, ikibaki nyeupe, acha, usiongeze. Mama mmoja wa Bagira aliniambia mufuko wake sasa unamaliza wakati mrefu kuliko mbele, na ngozi yake haijaharibika. Kwa ngozi za mbuzi tulijaribu gazi karboniki (CO2) ya chupa pa nafasi ya amonyumu na ilienda vizuri sana, lakini kwa ngombe, ngozi ni nene, inachelewa, na chupa ni bei.

Ya pili ni nywele. Tulizoea kuziyeyusha zote mu chokaa na sulfiri (sulfidi, dawa ya kutoa nywele), kumbe mu kilo 100 za nywele kavu kuna azoti karibu kilo 16, na tunaigeuza supu. Sasa tunatia chokaa peke yake kwanza, inakomaza unywele, kiisha sulfiri inakula mizizi tu na nywele zinatoka nzima. Lakini lazima uchuje palepale, ukienda kula kwanza zitayeyuka. Zilizochujwa zinaenda kwa mboji.

Narudilia kwa vijana, na sitachoka: maji ya asidi isikutane HATA SIKU MOJA na maji ya sulfiri. Inatoa gazi ya mayai maoza, na ikiwa mingi pua inaacha kuisikia na mutu anaanguka. Mifereji miwili, kila mmoja na njia yake.

Franga: kotizo (michango ya wanachama) ziliingia, si zote, mizani na karatasi za pH zimelipwa, deni hatuna. Daftari iko kwa mweka hazina, kuja uangalie.

Kinachobaki ni chujio ya chuma, ile ya sasa ni wavu wa samaki na unapasuka kila mwezi. Komite inaomba kila nyumba iongeze kidogo juu ya kotizo ya mwezi wa tatu. Tutapiga kura leo mbele ya kula.