Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kaunta, Rafu na Unyevu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Hapa nazungumzia kazi: nani yupo kaunta, vitabu vimekaaje, nini kimeharibika na kwa sababu gani. Nianze na msimamo wangu ili anayeupinga ajiandae kwa mkutano. Tunalalamika kila mwaka kwamba vitabu havitoshi, lakini upungufu mkubwa wa maktaba yetu ni saa za watu wa kuvirudisha mahali pake. Mengi mtakayosoma humu yanatokana na hilo.

Tuanze na watumishi. Mkutubi aliyeshika uorodheshaji kwa muda mrefu ametimiza miaka 60 na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Tarehe hiyo haikuwa siri kwa yeyote, ila makabidhiano yalianza wiki za mwisho, na hapo ndipo tulipoumia. Chukua kitabu cha misemo ya kanga. Kwa mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, kinaweza kuingia 391 pamoja na mavazi, 746 pamoja na sanaa za nguo, au 398.9 pamoja na methali, na kila namba ina mtetezi wake. Mzee alikuwa na jibu lake na alilishikilia, hivyo vitabu vyote vya aina hiyo vilikaa pamoja. Alipoondoka, kila mtu akatumia akili yake na vitabu vikatawanyika sehemu tatu. Sasa ofisi ya uorodheshaji ina daftari la maamuzi: swali, namba iliyochaguliwa, sababu kwa sentensi moja, tarehe. Anayetaka kubadilisha uamuzi anahamisha vitabu vyote vinavyohusika, la sivyo haruhusiwi kugusa hata kimoja. Kwa wanaofuata kustaafu, makabidhiano yaanze miezi sita kabla.

Mhudumu wa chumba cha watoto yuko likizo ya uzazi, siku 84 kama sheria isemavyo, na tunampongeza. Chumba kinashikwa kwa zamu hadi atakaporudi.

Likizo za mwaka zimetusumbua zaidi. Siku 28 ni haki ya kila mtumishi na hakuna anayezigombania; ugomvi uko kwenye miezi. Chumba cha kusomea hujaa kuanzia Septemba hadi kidato cha nne wamalize mtihani wao Novemba, kikajaa tena kuelekea mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei. Tumekubaliana kwamba katika vipindi hivyo asitoke zaidi ya mtumishi mmoja wa kaunta kwa wakati mmoja, na ratiba ibandikwe Januari. Vijana wa ukutubi wanaotujia kutoka Bagamoyo kwa mafunzo ya vitendo nao waache kuwekwa mlangoni kukagua mabegi. Kazi yao ni rafuni, pamoja na mtu anayejua.

Nikifika rafuni nitakaa kidogo, maana ndiko lawama nyingi za wasomaji zinakotokea. Kompyuta inasema kitabu kipo, msomaji anazunguka nusu saa, hakioni. Mara nyingi hakijaibiwa. Kimekaa pasipo pake, na sababu ya kwanza ni nukta. Vitabu vya lugha ya Kiswahili viko 496.392. Mhudumu mgeni akikuta kingine chenye 496.4 anakitanguliza, kwa kuwa kichwani anasoma “mia tatu tisini na mbili” na “nne”, na nne ni ndogo. Dawa ni kukataza kabisa kusema mia baada ya nukta. Taja tarakimu moja moja: tatu, tisa, mbili; upande wa pili nne. Linganisha ya kwanza na ya kwanza. Tatu inatangulia nne, basi 496.392 inatangulia, na zinazofuata hazina haja ya kuangaliwa. Mafunzo haya ni ya robo saa, na asiyeyapata anaweza kuvuruga rafu nzima kwa asubuhi moja akiwa na nia njema kabisa.

Sababu ya pili ni wema wa wasomaji, ambao wakimaliza kusoma wanarudisha kitabu wenyewe panapowaridhisha. Tumeweka meza ya vitabu vilivyosomwa kila chumba, na bango: “Ukimaliza, acha hapa.” Faida yake nyingine ni kwamba vitabu vya mezani vinahesabiwa kabla ya kurudishwa, kwa hiyo tunajua kinachosomwa humu ndani hata kama hakiazimwi.

Ya tatu ni msongamano. Rafu ya sentimita 90 inachukua kama vitabu 30 vya unene wa kawaida, nayo ikijazwa pomoni kinachorudi kinalazwa juu ya wenzake au kusukumwa rafu ya jirani. Mgongo nao unaumia. Msomaji anaingiza kidole juu ya kitabu kilichobanwa, anavuta, na kitambaa cha kichwani kinachanika. Robo ya kila rafu ibaki wazi. Kitabu kinatolewa kwa kusukuma ndani viwili vya pembeni, kisha kukishika katikati.

Ndiyo maana tumerudisha zoezi la kusoma rafu, yaani kupitia namba za vitabu kimoja kimoja kuona kama viko mahali pake. Kila mtumishi ana eneo lake, na anafanya dakika 30 kabla ya kufungua milango, akianzia alipoishia jana, palipo na kipande cha kadi nyekundu. Hazizidi 30 kwa makusudi. Baada ya hapo macho yanapita juu ya namba bila kuziona. Kinachotafutwa si mpangilio peke yake. Lebo iliyobanduka, kitabu kilichovimba na vumbi jipya la mchwa ukutani vyote vinaonekana wakati huo, au havionekani kabisa.

Katalogi ya kompyuta nayo ina magonjwa yake. Msomaji aliyetafuta vitabu vya ufugaji wa ng'ombe alipata vichache kuliko tulivyo navyo, kwa sababu ya ritifaa, ile alama ya ng': baadhi ya rekodi ziliandikwa kwa alama iliyonyooka (') na nyingine kwa iliyopinda (’), ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe mtu anaponakili. Jicho halioni tofauti kubwa, kompyuta inaona herufi mbili mbalimbali. Kanuni sasa ni iliyonyooka tu, na rekodi za zamani zinasahihishwa kidogo kidogo, tukianza na ng'ombe, ng'ambo na chang'aa, ambazo huulizwa sana. (Hiyo ya mwisho huulizwa na wanafunzi wa sosholojia.)

Kosa jingine lilitufikia kwa kunakili rekodi za vitabu vya Kiingereza na kuzigeuza kuwa kiolezo. Katika sehemu ya 245 ya rekodi ya kompyuta, panapoandikwa jina la kitabu, kuna tarakimu inayoiambia kompyuta iruke herufi ngapi inapopanga kwa alfabeti. “The” na nafasi yake ni 4. Ikibaki 4 kwenye kitabu cha Kiswahili, neno “Utenzi” linapangwa kama “zi”, mwisho kabisa wa orodha, na hakuna atakayekifikia kwa kupekua. Kwa Kiswahili tarakimu hiyo ni 0. Kwenye majina ya waandishi, vyeo pia visitangulizwe: Dk., Sheikh, Mwalimu, Bibi. Vikitangulia, masheikh wote wanajikuta kwenye S hata kama majina yao yanaanza na A.

Kuhusu ISBN, namba ya utambulisho ambayo mchapishaji hukipa kitabu, kumbukeni kwamba vitabu vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10 badala ya 13 za sasa, na vya hapa kwetu mara nyingi vinaanza na 9976 au 9987. Kutanguliza 978 hakutoshi, kwani tarakimu ya mwisho lazima ikokotolewe upya. Iacheni programu ifanye. Aliyefanya kwa kichwa alituachia rekodi zinazokataliwa. Vilevile skana ilenge lebo yetu iliyo ndani ya jalada. Ikisoma milia ya dukani, nakala zote za kitabu hicho zinaonekana ni kitabu kimoja.

Sasa masika. Jiji letu liko ukingoni mwa bahari, na kuanzia Machi hadi Mei hewa ya ndani ni mbichi hata pasipovuja. Unyevu ukipanda juu ya asilimia 65 na hewa ikasimama, ukungu unaota. Mwaka huu ulianza rafu ya chini ya ukuta wa nyuma, ambako makabati yalikuwa yamegusana na ukuta unaonyonya maji. Tumeyavuta sentimita 10 mbele, na rafu ya chini kabisa sasa iko sentimita 15 kutoka sakafuni. Feni zinawashwa hata siku zisizo na joto. Kiyoyozi nakionea shaka: kikifanya kazi mchana na kuzimwa usiku, asubuhi vitabu vimepoa, madirisha yanafunguliwa, hewa ya nje inaingia na umande unatua juu ya karatasi. Bora chumba kisicho na kiyoyozi kuliko chenye cha kuwasha na kuzima, isipokuwa madirisha yakae yamefungwa kwa muda baada ya kukizima.

Kitabu chenye ukungu hakifutwi kwa kitambaa kibichi, na dawa ya kung'arishia nguo isikaribie karatasi. Kinatengwa kwenye mfuko wa karatasi, kinakaushwa penye upepo na kivuli, na ukungu ukishageuka vumbi kinapigwa brashi laini nje ya jengo, upepo ukiwa mgongoni, barakoa ya N95 usoni. Ubao wa rafu unapanguswa kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa ukauke kabisa.

Paa lilivuja mara moja, upande wa magazeti na vitabu vya kiada. Kitabu kilicholowa kina saa 48 hivi kabla ya ukungu. Karatasi za kawaida husubiri. Zile za kung'aa, za vitabu vya picha na majarida, zikikauka zimegusana zinakuwa tofali, na hapo hakuna la kufanya. Kwa hiyo za kung'aa hushughulikiwa kwanza: karatasi nyeupe isiyo na maandishi kati ya kila kurasa, ibadilishwe kila inapolowa. Vya kawaida vinasimamishwa wima, vikafunguliwa kama feni ya mkono, na karatasi ya kunyonya kila baada ya kurasa 20. Jua kali linapinda jalada. Vikizidi uwezo wa mikono iliyopo, vifungwe kwenye nailoni na kuwekwa friza, nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo, kisha vitolewe vichache vichache. Friza haiponyi kitabu, inatununulia muda. Ninaomba chama kinunue moja, ya mtumba si neno, kwa sharti kwamba samaki wa mtu asiingie humo.

Matengenezo madogo yanaendelea kila Jumatano. Selotepu imepigwa marufuku: gundi yake inageuka ya njano, inatoka pembeni, inanasa kurasa za jirani, na ikibanduliwa inaondoka na maandishi. Jalada linalolegea, wakati mshono bado ni mzima, linarudishwa kwa gundi nyeupe ya PVA. Chovya spoku ya baiskeli iliyosuguliwa ncha, ingiza kwenye uwazi kati ya mgongo na kurasa, izungushe ipake pande zote, itoe, fanya hivyo upande wa pili, funga kitabu, weka nailoni ndani ya majalada yote mawili, kandamiza bonde la jalada, kisha weka uzito hadi kesho. Gundi nyingi ndiyo kosa la kawaida. Ikivuja inabandika jalada na ukurasa wa kwanza.

Umeme kwa kifupi. Soketi ya ampea 13 inabeba takriban wati 3,000. Birika la chai peke yake linakula zaidi ya nusu, na lilikuwa kwenye waya mmoja na kompyuta za kaunta. Limehamishiwa jikoni. Nakala rudufu ya katalogi inachukuliwa kila jioni, na diski moja inalala nje ya jengo.

Fomu za kujiunga zimepunguzwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Mei 2023, hakuna sababu ya kurundika nakala za vitambulisho vya NIDA kwenye trei kaunta. Barua ya serikali ya mtaa au ya shule inaonekana, inaandikwa imeonekana, na inarudi kwa mwenyewe.

Nimalizie na zawadi za vitabu, jambo ambalo najua litaleta maneno. Kila kitabu kinachopokelewa kinadai muhuri, namba, lebo, rekodi na nafasi rafuni, na muda huo unatolewa kwenye kusoma rafu. Masanduku yaliyoletwa mwaka huu yalikuwa na vitabu vingi vya kiada vya mtaala unaoondoka, kwani mtaala mpya ulianza kuingia madarasani Januari 2024 na unapanda darasa kwa darasa. Mwanafunzi akikisomea cha zamani anaweza kujiandaa kwa mada isiyoulizwa tena. Vitabu vya kiada vya sasa anavipata kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, hata kwenye kompyuta zetu.

Kwa hiyo naleta maazimio mawili. Kwanza, zawadi zipokelewe kwa orodha kabla ya sanduku. Kamati ichague, na kisichochaguliwa kibaki kwa mwenyewe. Pili, fungu la kununulia vitabu mwakani ligawanywe, nusu yake imlipe mhudumu wa muda wa kurudisha vitabu rafuni saa za jioni. Mwenye pingamizi aliwasilishe kwa katibu kwa maandishi siku saba kabla ya mkutano. Daftari la maamuzi na ratiba ya likizo vitakuwa mezani siku hiyo kwa atakayetaka kuvikagua.

Mwenyekiti