Barua kwa timu za shule yetu, kabla ya kufunga mabegi

Wanangu wa soka, voliboli, netiboli na handiboli,

Hamjambo. Mimi ni yule mzee wa kofia ya sufu anayekaa chini ya mkaratusi, upande wa goli lililo karibu na bwalo, kila Jumatano mnapofanya mazoezi. Wengine mnaniita Babu, wengine Mwalimu. Majina yote mawili nayapokea. Nilifundisha jiografia na kusimamia michezo katika shule za serikali kwa miaka 31, na tangu nistaafu sijapata sababu ya kukosa hata Jumatano moja, isipokuwa kukiwa na matanga.

Naandika kwa sababu ya jambo nililolisikia juzi nikisubiri mahindi yangu yasagwe. Mzazi mmoja aliniambia, uso umemchangamka, kwamba mwaka huu hatuna wa kutuzuia katika mashindano ya shule mpaka ngazi ya kitaifa. Wamepatikana vijana watatu wa maana kutoka kaunti jirani, akasema, na mmoja tayari ana kitanda bwenini. Nilichukua unga wangu nikaenda nyumbani. Usiku huo sikulala vizuri.

Nataka kuwaeleza kwa nini.

Mwaka wa 1994 nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja huku Magharibi mwa Kenya. Sitaitaja, kwa maana waliomo sasa hawana hatia. Timu yetu ya soka haikuwahi kuvuka wilaya. Jumapili moja nikaenda kutazama mechi ya vijiji, ile ya kushindania fahali, na hapo nikamwona kijana wa mguu wa kushoto akiwapita mabeki kama mtu anayekatiza shamba lake mwenyewe. Mechi ilipokwisha nikamfuata. Alikuwa akikata miwa kwa kibarua. Shule aliiacha akiwa kidato cha pili, karo iliposhindikana. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Nikamwambia, njoo uchezee shule yangu, nasi tutakusomesha mpaka umalize kidato cha nne. Sikuwa na mamlaka ya kuahidi jambo hilo. Niliahidi tu.

Umri wake ulikuwa umepita, kwa hiyo tukamsajili kwa cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi aliyehama mwaka uliotangulia. Ikawa picha ni yake, jina ni la mwingine, na muhuri wa shule umegongwa juu ya vyote viwili. Nilishika fomu hiyo kwa mkono wangu nikaipeleka mimi mwenyewe.

Fainali ya wilaya aliiamua yeye, zikiwa zimebaki dakika chache. Mpira ulipotua wavuni, ngoma za isikuti zikalia, wasichana wa shule jirani wakamiminika uwanjani, na umati mzima ukaanza kuimba jina. Halikuwa jina lake. Nilikuwa nimesimama karibu na kibendera cha kona, nikamwona amesita kidogo kabla ya kuinua mikono, kama mtu anayesikiliza kama ni yeye anayeitwa. Sekunde mbili, labda tatu. Nimeziona tena mara nyingi kuliko lile bao.

Mkoani tulitolewa katika mechi ya pili. Wiki iliyofuata karani wa fedha akamwita kuhusu karo, na waliokuwa wakimnunulia soda hawakuonekana. Nami nilinyamaza. Lakini kinachonisumbua zaidi ni atlasi. Kila jioni wakati wa prepu, yale masomo ya binafsi ya jioni, alikuwa akija chumba cha walimu kuniazima atlasi. Alikuwa akichora ramani ya mito ya Afrika. Sisi tulidhani tumepata mshambuliaji. Yeye aliamini amerudi shule. Siku aliyoondoka aliirudisha atlasi ile ameifunika kwa gazeti, vizuri, kama wanavyofunika wanafunzi wa kidato cha kwanza vitabu vyao vipya.

Kulikuwa na kijana mwingine. Huyu alikuwa wa kidato cha nne, na jezi namba 9 alikuwa ameivaa tangu kidato cha pili. Nilipomwambia ataanzia benchi, hakubisha. Kesho yake aliniletea jezi imefuliwa na kupigwa pasi, akaiweka juu ya meza yangu, akarudi darasani. Hakuja tena mazoezini. Miaka yote hii, wanafunzi wa darasa lake wanapokutana, yeye haji.

Magazeti na watangazaji humwita mchezaji wa kuletwa kutoka nje, kama yule mkata miwa, mamluki. Neno hili nalichukia kwa sababu linamwekea kijana mzigo usio wake. Mamluki wa vita hulipwa. Huyu hakulipwa kitu, na aliyemtafuta, akamdanganya, akamwandikia jina lisilo lake, alikuwa mtu mzima mwenye mshahara. Msikubali kulitumia neno hilo kwa hao vijana watatu, hata kwa utani wa bwenini.

Najua mtakavyojibu. Mtasema wote wanafanya hivyo, na asiyefanya hatoki kaunti ndogo. Nilikuwa nikisema maneno hayo hayo. Sitawadanganya kwamba ni rahisi kushindana na timu iliyojaa wanaume wenye ndevu zilizonyolewa alfajiri. Mtafungwa na timu za namna hiyo, na itauma. Andikeni malalamiko, pelekeni ushahidi kwa waandaaji kabla ya mechi, si baada ya kufungwa. Lakini msijitibu ugonjwa huo kwa kuunywa.

Tena si kweli kwamba shule ya kawaida ya serikali haiwezi kujenga kitu kwa watoto wake. Iten, kule juu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mita kama 2,400 kutoka usawa wa bahari, kuna shule ya wavulana ya St. Patrick's. Mwaka wa 1976 ilipokea mwalimu wa jiografia kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell. Hakuwa kocha. Riadha alijifunza palepale, kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia na kuwauliza maswali. (Mimi ni mwalimu wa jiografia pia, na habari zake zilinitia moyo na aibu kwa wakati mmoja.) Kutoka shule hiyo alitoka Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka wa 1987, akashinda ya Boston mwaka uliofuata na mara mbili tena mwaka wa 1991 na 1992. Alitoka Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 kule Seoul mwaka wa 1988. Alitoka Matthew Birir, dhahabu ya kuruka viunzi na maji, Barcelona 1992. Alitoka Wilson Kipketer, ambaye baadaye alikimbia kwa niaba ya Denmark na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 800.

Sisemi kila kijana wa shule yetu atakuwa Rono. Hilo silo ninalotaka mlione. Ninachotaka mlione kipo kwenye uwanja wa shule ile: miti. Mabingwa waliosoma pale wamepanda miti, na kila mti una kibao chenye jina la aliyeupanda. Nilipotembelea pale nilikaa muda mrefu nikisoma vibao hivyo. Jina, na mwenye jina. Nikakumbuka umati wangu wa 1994 ukiimba kivuli.

Basi mfanye nini?

Kapteni, wewe na wenzako nendeni kwa mwalimu mkuu kabla fomu hazijatiwa saini. Nendeni kwa adabu, mkiwa mmevaa sare kamili, si kwa kelele. Mwombeni orodha ya kila timu isomwe gwarideni Ijumaa, jina, kidato na mkondo, na mwalimu wa darasa asimame aseme, naam, huyu ni wangu. Hakuna gharama hapo. Orodha inayoweza kusomwa mbele ya shule nzima haina tatizo. Isiyoweza kusomwa mnajua ina nini. Na mkiambiwa mnyamaze, mna haki ya kutovaa jezi. Hakuna sheria inayomlazimisha mwanafunzi kusimama ubavuni mwa uongo.

Kuhusu wale vijana watatu, nisikilizeni vizuri zaidi hapa kuliko mahali pengine. Msiwafukuze. Huyo mwenye kitanda bwenini aachwe nacho. Kama alikuja kwa sababu ameambiwa atasoma, basi asome. Asajiliwe kwa jina lake, kwa umri wake, kwa kidato kinachomfaa, aketi darasani muhula huu akiwatazama mkicheza, na kama kanuni zinamruhusu, siku yake itafika. Kama umri umempita, atafunza wadogo kupiga mpira wa adhabu na atafanya mtihani wake wa kumaliza sekondari, KCSE. Wazee tuliosoma hapa na tuliofundisha hapa, zile hela mnazochanga kwa ajili ya basi na soda, anzeni na karo yake. Ofisi ya basari ya eneo bunge iko wazi, nami nitakwenda na mzazi yeyote atakayehitaji mtu wa kumsaidia kujaza fomu.

Mwalimu wa michezo, ndugu yangu mdogo, najua unavyobanwa. Serikali huahidi shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari, sehemu ya michezo humo ni ndogo, na fedha zenyewe hufika zikiwa zimechelewa na pungufu. Wewe ndiwe unayenunua dawa ya misuli kwa mfuko wako. Halafu bodi inakuuliza kombe liko wapi. Nilikaa kwenye kiti hicho. Ukiulizwa, sema umeleta watoto 18 nyumbani salama na wote wamerudi darasani Jumatatu. Nitakuwa upande wako kwenye mkutano wowote.

Na masomo. Kila mwaka nasikia kijana akisema atalipwa Ulaya, kwa hiyo hesabu haimhusu. Michael Olunga alisoma Upper Hill, shule ya serikali pale Nairobi. Mwaka wa 2020 alifunga mabao 28 katika ligi ya Japani na kuchaguliwa mchezaji bora wa msimu. Huyohuyo alijiunga na chuo kikuu cha ufundi akasomea uhandisi wa ramani na ardhi, huku akicheza. Wiki mnayokosa masomo kwa ajili ya michezo mwombeni mwenzenu wa darasani awaandikie noti za masomo, na mkirudi mzinakili kabla ya kulala. Hilo halihitaji hotuba ndefu.

Binti zangu wa netiboli na voliboli, kwenu nina neno lingine, na nalisema hadharani ili asiwepo wa kujifanya hakulisikia. Kwenye kambi za michezo mtalala madarasani, mbali na nyumbani, chini ya watu wazima msiowajua wote. Mtu mzima akikwambia nafasi yako kikosini inapatikana chumbani kwake, huyo si kocha, hata kama ana vikombe ishirini. Usimwonee haya. Mwambie mwalimu wa kike aliye nanyi, mwambie mama yako, piga simu 116, haina malipo. Tume ya walimu ilitoa waraka tangu mwaka wa 2010 unaomshika hata mwalimu anayejua na kuficha. Na wewe kijana wa kiume, ukisikia dada yako amefanyiwa hivyo, usifanye wimbo wa basi. Simama naye.

Mengine mnayajua: msining'inie madirishani, kunyweni maji, mkiumia goti semeni siku hiyohiyo.

Nirudi kwa yule wa 1994. Mwaka huu nilimtafuta. Haikuwa vigumu; kaunti hizi si kubwa. Ana shamba dogo la miwa, lake mwenyewe sasa, na watoto wanne, wawili wamemaliza sekondari. Nilikaa kwenye kigoda chake nikamwomba msamaha. Alinyamaza kwa muda, kisha akaingia ndani akatoka na picha ya timu ile, imekunjika pembeni. Nyuma yake kuna majina yaliyoandikwa kwa mashine ya chapa, ya kila mchezaji kwa mstari wake. Katika mstari wake alikuwa amekata jina kwa kalamu na kuandika lake juu yake. Akaniambia aliandika siku ileile alipofika nyumbani.

Nimemwomba aje nami Jumatano ijayo kuwatazama mkifanya mazoezi, na hao watatu wakiwepo. Amekubali, kwa sharti kwamba nisimtambulishe mimi. Jina lake atawatajia mwenyewe. Tutakuwa chini ya mkaratusi saa kumi na nusu. Mtu mmoja kati yenu amletee kiti.

Ni mimi,
Babu yenu, mwalimu mstaafu