Harambee ya Kulinda Vigango vya Wazee Wetu

Ndugu, jamaa na marafiki, wana wa Ganze mlio nyumbani na mlio mbali, hamjambo?

Mgiriama aliyekuwa mwanachama wa gohu akifariki, mazishi peke yake hayamtoshi. Gohu ni chama cha watu wenye heshima zao, na hakuna anayeingia bila kuwakirimu wenzake. Wakati ukifika, familia humwita fundi achonge kigango: gogo la mti mgumu kama mhuhu, mara nyingi refu kumshinda mtu, lenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichojaa nakshi za pembetatu, safu kwa safu. Kikishasimamishwa hufungwa vitambaa na kumwagiwa tembo la mnazi. Asiyekuwa wa gohu huwekewa koma, kijiti kifupi tu. Na kigango kikishasimama hakiguswi, hata watu wakihamisha boma.

Wezi walijua hivyo. Viling'olewa vingi, hasa miaka ya 1980, vikauzwa kama mapambo, vikaishia Marekani katika makumbusho na sebule za matajiri. Huko ni kuiba kaburi, hatuoni namna nyingine ya kukusema.

Mwaka 1985 mtafiti alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Haukupita muda, vikaibwa. Miaka mingi baadaye kimoja kilitambuliwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois, na cha pili katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Ile picha ndiyo iliyokuwa ushahidi. Mwaka 2007 vyote viwili vilirudishwa kwa familia, ingawa mzee mwenyewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mwaka 2014 nayo makumbusho ya Denver ilikubali kurudisha vigango 30, lakini waliovinunua na kuviuza hawakujali kuandika majina. Kigango kisicho na jina wala boma utampelekea nani?

Ndiyo maana tunaomba mchango wenu. Tunataka kukipiga picha kila kigango kilichobaki kwetu, kwa ridhaa ya wenyewe, na kuandika jina la marehemu, ukoo wake na mahali kilipo. Nakala moja itabaki na familia, nyingine tutaipeleka Makumbusho ya Taifa. Wazee ndio wanaojua nani ni nani, na kila mwaka tunawazika. Fedha zitalipia kamera, nauli ya vijana, posho ya wazee na miche ya manyara ya kuzungushia ua pale familia zitakapokubali. Lengo letu ni shilingi 480,000.

Wapo ndugu zetu wa kanisani na msikitini wanaosita. Tunawaelewa, na wengi wetu tunasali pamoja nanyi. Hatumwombi mtu atambike. Tunaomba jina la babu yake lisipotee.

Tutakutana Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa nne asubuhi, uwanja wa baraza la chifu. Kadi za mchango wanazo wazee wa vijiji, na namba ya M-Pesa imeandikwa juu ya kadi. Asiye na fedha alete miche, au amlete mzee wake anayekumbuka majina. Walio Mombasa, Nairobi na Ughaibuni, mweka hazina atawatumia risiti, na hesabu zote zitasomwa hadharani siku hiyo hiyo.