Meli ya Uganda

Mombasa

Ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia mama amepata nafuu. Sasa nije kwenye hoja yako. Unasema meli ya abiria ikishageuzwa kuwa ya matembezi, heshima yake imekwisha. Kwa ile meli iliyoitwa Uganda, ya kampuni ya meli ya British India, hapo nakukatalia.

Wazee wetu wa Kilindini waliijua vizuri. Iliundwa Glasgow, ikaanza kazi 1952, mwaka mmoja baada ya pacha wake, Kenya. Zikawa zinapishana kati ya London na pwani yetu kwa njia ya Suez: Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, hadi Beira. Dohani yake ilikuwa nyeusi yenye mistari miwili myeupe, na kwenye chumba cha kuvutia sigara walipamba kwa pembe za ndovu. Waliokaa humo unawajua: maofisa wa serikali ya kikoloni wakienda likizo na kurudi. Uhuru ukaja, maofisa wakapungua, wasafiri wakahamia kwenye ndege, na 1967 Mfereji wa Suez ukafungwa. Kenya ikavunjwa 1969.

Uganda ikapelekwa Hamburg. Ngama zilizokuwa za shehena zikatiwa vitanda vya ghorofa, yakajengwa madarasa, na kuanzia 1968 ikawa inachukua wanafunzi, mara nyingine zaidi ya 900 kwa safari moja. Walifundishwa habari za bandari wanayoiendea, kisha wakashuka kuitembelea wenyewe. Ningekuwa mtoto wakati ule, ningelia mpaka nipelekwe!

Aprili 1982 ilikuwa Mediterania na wanafunzi wake, serikali ya Uingereza ikaitaka kwa ajili ya vita vyake na Ajentina vya visiwa vya Falkland. Watoto wakashushwa Naples. Ilipofika Gibraltar ikapakwa rangi nyeupe na misalaba myekundu, ikawekewa kiwanja cha helikopta upande wa tezi, ikawa hospitali. Majeruhi zaidi ya 700 walitibiwa humo, Waajentina pamoja na Waingereza. Niambie, Salim, ni lini ilipokuwa njia yetu ilifanya kazi yenye heshima kuliko hiyo?

Mwaka 1986 iliuzwa Taiwan ikavunjwe. Kimbunga Wayne kikaiwahi huko Kaohsiung, kikaitupa ufukweni ikalala ubavu.

Baba yako mkubwa alikuwa kuli bandarini miaka ile. Muulize kama aliwahi kuipakua, uniandikie alivyosema, hata kama ni maneno mawili.

Wasalaam,
Rafiki yako Hamisi