Tiba mtandao ya usemi: nani amemshikia mama simu?

Ndugu Mhariri,

Nawasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipoandika mambo ya ajabu kuhusu watoto wenye ulemavu. Ila ile habari yenu ya vijana wa tiba ya usemi wanaovifikia vijiji vya mbali kwa video wakiwa wamekaa mjini imenishinda kuimeza. Picha ilipendeza: kijana, hedifoni, kompyuta mpakato, mlima dirishani. Upande wa pili wa hiyo kompyuta hamkwenda.

Mngekwenda mngekuta hivi. Mtoto wa miaka 4, upande wa Longido. Nyumbani mtandao hakuna, kwa hiyo mama kapanda kilima naye mgongoni. Simu kaishika mkononi, na mtaalamu anachokiona ni paji la uso na mawingu. Upepo unapiga kwenye maiki. Kijana wa watu, katoka chuo juzi, anaonyesha kadi za picha: treni, tofaa, mtu wa theluji. Mtoto kimya. Dakika ya 17 ya rekodi mama anaonekana wazi akimfuta mwanawe sikio kwa pindo la shuka. Hakuna aliyeuliza. Ripoti ikaandikwa "hatoi ushirikiano" na vipindi sita vingine vikapangwa. Sikio lilikuwa linatoa usaha! Mtoto asiyesikia sawasawa hafundishwi "pa-pa-pa" kwenye simu. Anaanzia kliniki ya masikio, asafishwe, atibiwe, kisha apimwe usikivu kwa mashine kwenye chumba tulivu, si juu ya kilima.

Simlaumu kijana. Marekani mhitimu wa fani hii huwa chini ya msimamizi kwa muda usiopungua wiki 36, saa 1,260, kabla ya kuachiwa afanye kazi peke yake. Wa kwetu anapewa bando.

Na hilo bando lenyewe lina mambo ambayo hakuna anayemwambia. Simu ya kawaida hupitisha sauti hadi kama hezi 3,400 hivi (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), ilhali nguvu kubwa ya "s" iko juu ya 4,000. Matokeo yake "saa" na "faa" zinafanana, na mtoto anaandikiwa kosa ambalo ni la simu. Programu za video nazo zina kichujio cha kelele, ambacho "s" na "f" kinaweza kuzidhania upepo kikazifyeka. Kwa baadhi ya programu kuna mahali pa kukizima kwenye mipangilio, lakini lazima ujue kwamba kipo. Hedifoni zisizo na waya, maiki yake ikiwashwa, sauti inazidi kukatwa; tumia ya waya. Mtandao ukichelewa nusu sekunde tu, mchezo wa kuigana sauti umekwisha: mtaalamu anasema "ma", mtoto anajibu, sauti zinagongana, programu inammeza mmoja. Mvua ikigonga bati, ahirisha, usijikaze. Simu isishikwe, iegemezwe, usawa wa mdomo wa mtoto, dirisha likiwa mbele yake na si mgongoni, maana mwanga ukitoka nyuma unabaki na kivuli kinachotikisa kichwa. Na mara nyingi video ya moja kwa moja haihitajiki kabisa. Mama arekodi dakika 2 akimpa mtoto maziwa, aitume akifika penye mtandao, mtaalamu aitazame mara tatu, kisha wapigiane kwa sauti tu. Zoezi liwe moja kwa wiki, dakika 10 kwa siku, ndani ya kazi ambayo mama angeifanya hata hivyo: ashike kikombe, amtazame mtoto, anyamaze, ahesabu moyoni hadi kumi. Akina mama wengi wakifika tatu wameshasema wao, kabla mtoto hajajaribu.

Kadi za theluji zichomwe. Na mtoto wa miaka 3 anayesema "lula" badala ya "rula", tena nyumbani kwao wanaongea Kichaga, asifunguliwe faili. "R" huchelewa.

Kuna jambo moja ambalo mhitimu mpya asiliguse kwa video akiwa peke yake, nalo ni kumeza. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akikohoa anapokunywa uji, macho yakalengwa machozi, sauti ikawa na majimaji, huenda uji unaelekea njia ya hewa. Wengine hawakohoi kabisa, ndio wa kuogopwa zaidi. Nimeshasikia mtu akimwambia mama, kupitia simu, "hebu mpe kijiko kingine tuone". Tuone nini?

Halafu mnashangaa mama akienda kwa mkata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Yule yuko karibu, hahitaji mtandao, na anatoa jibu siku hiyo hiyo. Kimeo hakina uhusiano wowote na mtoto kuchelewa kusema. Kinachobaki ni damu, kidonda na hatari ya pepopunda kwa wembe ule. Kuhusu hilo gazeti lenu sijaona hata aya moja, ila mganga wa nyota ana nafasi yake kila wiki.

Dawa? Ondoeni kongamano moja tu la hotelini Arusha, lile la chai ya saa nne na posho. Kila zahanati ipate stuli ya mtoto, tochi, kijiko cha chuma, hedifoni ya waya, chaja ya sola na kioo kidogo. Kioo ni cha kuweka chini ya pua mtoto akisema "papa", "kaka": kikipata ukungu, hewa inavujia puani na kaakaa linataka kuangaliwa. Kitolewe kabla hajapumua, la sivyo ukungu ni wa pumzi tu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akae pale wakati wa kipindi, alipwe, na swali lake la kwanza liwe masikio. Kijana wa mjini apate saa moja kila wiki na mtu aliyemtangulia, watazame rekodi pamoja, kwa ridhaa ya mzazi. Na kopo la maziwa lililojazwa mchanga, la kuegemezea simu.

Kopo nitatoa mimi.

Mtaalamu wa tiba ya usemi,
Moshi