Mshukiwa ana wakili, mwathiriwa ana nani?

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa kijana wa kibarua Viwandani na sijawahi kuliandikia. Ile habari yenu ya wiki jana, ya washukiwa wa wizi wa mabavu walioachiliwa kwa dhamana, imenishinda kunyamazia. Mlieleza masharti ya dhamana, mkamhoji wakili, mkataja haki zao za kikatiba moja baada ya nyingine. Sizipingi haki hizo. Mtu hana hatia mpaka korti iseme. Lakini waliovamiwa mliwapa sentensi moja tu, kwamba waliumia wakatibiwa.

Mke wangu ni fundi wa nguo hapa Kayole. Jioni moja mwaka jana, akifunga duka, vijana walimwingilia, wakampiga panga la mkono, wakabeba simu, pesa za sare za shule na cherehani chake cha umeme. Mkono umepona. Yeye mwenyewe bado. Haketi tena akiupa mlango mgongo. Pikipiki ikipunguza mwendo pale nje, mkasi humtoka mkononi. Usiku huamka kukagua komeo, akarudi kulala, akaamka tena, nami hujifanya nimelala kwa sababu nikimsemesha atalia. Jeraha lilipata daktari. Kuhusu hofu hii hakuna aliyetuelekeza popote, si kituoni, si hospitalini.

Kijana mmoja alikamatwa na cherehani kikapatikana, tukamshukuru Mungu. Kisha Jumamosi moja mama watoto akaenda kununua mboga karibu na steji. Alipoinua macho kutoka kwenye sukuma, kijana yule yule alikuwa ng'ambo ya meza akichagua nyanya. Akamwambia kwa upole kabisa, "Mathe, mkono ulipona?" Mke wangu aliacha mboga, akaacha na chenji, akaja nyumbani mbio na slipa moja mguuni. Mimi nikadhani kijana ametoroka rumande, nikakimbilia kituoni kupiga ripoti. Afisa akafungua faili, akaniambia bila hata kuniangalia kwamba aliachiliwa kwa dhamana kitambo. Kitambo! Kijana alijua, wakili wake alijua, mdhamini wake alijua, karani wa korti alijua. Aliyekatwa panga ndiye peke yake hakujua, na duka lake liko pale pale, na kijana analijua. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inasema wazi kwamba usalama wa mwathiriwa na familia yake uzingatiwe masharti ya dhamana yanapowekwa. Utazingatiwaje na hakuna aliyemuuliza? Nani alisimama mbele ya hakimu akasema kwamba mama huyu hufunga duka peke yake saa moja jioni? Katiba ya 2010, kifungu cha 50, iliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa, na Bunge likatunga. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Juu nayo ikasema mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi, hata kupitia wakili wake, mradi asichukue kazi ya mwendesha mashtaka. Mambo yote hayo yapo kwenye karatasi, lakini habari ya kuachiliwa kwa kijana, mke wangu aliipata mezani pa muuza nyanya.

Na hicho cherehani, Mhariri, hadi leo kimefungiwa kituoni kama kielelezo. Fundi ashone kwa nini? Mbona kisipigwe picha, nambari yake ikanakiliwa, mwenyewe akakichukua akalishe watoto? Hata fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, na ambayo ni ya bure, tuliombwa pesa ya kuitoa kopi. Mtu ameibiwa dukani, kisha anazidi kutozwa kila mlango anaobisha.

Pendekezo langu ni dogo. Ukurasa wa kwanza wa kila faili ya jinai ya kumdhuru mtu uandikwe jina na nambari ya simu ya aliyedhurika. Hakimu asitie sahihi ya dhamana mpaka karani aandike hapo, pamoja na saa, kwamba alimpigia na alichojibu. Na kabla mshtakiwa hajatoka, ujumbe utumwe kwa Kiswahili: fulani anaachiliwa leo, amekatazwa kukukaribia, akikukaribia piga nambari hii. Tokeni za stima hufika kwenye simu zetu mara tu tukilipa, kwa hivyo ujumbe kama huo hauwezi kushinda serikali.

Nanyi gazetini, mwandishi wenu akitoka kortini amtafute na aliyevamiwa. Amuulize analalaje na kama aliambiwa. Asipige picha yake bila idhini.

Ni mimi,
Mkazi wa Kayole,
Nairobi