Chuo cha honors au programu: ulizeni krediti kwanza

Mheshimiwa Mhariri,

Wazazi wengi hapa Lubumbashi ambao watoto wao wanaomba nafasi Marekani hudhani chuo cha honors (masomo mazito zaidi kwa wanafunzi bora) ni shule ya peke yake, na programu ya honors ni ngazi ya chini. Sivyo. Vyote vimo ndani ya chuo kikuu kilekile, na shahada ni ya chuo kikuu hicho. Chuo cha honors kwa kawaida huwa na mkuu wake, washauri wake na bweni. Programu huweza kuwa ofisi ndogo tu. Lakini udogo si uduni: Swarthmore, chuo cha huko Marekani, ina programu, tangu 1922, na wanafunzi wake hutahiniwa na wataalamu wa kutoka nje. Vyuo vingi vya honors vyenye majina makubwa havina mtihani wa aina hiyo.

Ulizeni krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo. Barrett, chuo cha honors cha Chuo Kikuu cha Arizona State, hudai krediti 36 za honors pamoja na tasnifu, na ina ada yake juu ya karo. Je, krediti hizo zinahesabiwa ndani ya zile 120 za shahada, au zinazidi? Kwa anayesoma uhandisi hapo ndipo penye kazi, maana ratiba yake imeshajaa hesabu na fizikia. Asiporuhusiwa kugeuza somo la kawaida kuwa la honors kwa makubaliano na profesa, huenda akaongeza muhula mzima, tena kwa karo ya mgeni.

Wengine hukwama mapema zaidi, kwenye alama. Aliyepata 72% katika mtihani wa taifa hapa humwagiwa poda barabarani kwa shangwe. Kule 72 husomwa kama C. Prefe, yaani mkuu wa shule, aandike barua yenye muhuri, aeleze kwamba kwetu 50 ni kufaulu na 70 hupatikana kwa nadra, ataje na nafasi ya mtoto darasani. Iende pamoja na buletini (ripoti za alama) zilizotafsiriwa. Tena maombi ya honors mara nyingi hujazwa peke yake, yana insha zake, na tarehe yake huwahi.

Bursi, yaani ufadhili wa masomo, nayo. Programu nyingi hutaka GPA (wastani wa alama, ambao kilele chake ni 4.0) isishuke chini ya 3.3 au 3.5. Ikiwa bursi imefungwa kwenye honors, kushuka kunaweza kumpotezea vyote viwili. Ikiwa haikufungwa, anatoka honors na kumaliza shahada yake bila shida. Jibu la hilo liombwe kwa maandishi, kabla ya kulipa amana ya kushika nafasi.

Mshauri wa wanafunzi,
Lubumbashi